Mama, Tumbo Laniuma: Mtoto Anapoogopa Shule

  Leo nazungumza na kina mama, bibi, shangazi na kila mtu anayelea mtoto wa shule.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa. Ijumaa jioni mtoto huyu ni mzima wa afya. Jumamosi yuko gatini anaruka majini na wenzake hadi macho yawe mekundu. Lakini Jumatatu asubuhi, sare ikishapigwa pasi na chai ikiwa mezani, utamsikia: "Mama, tumbo laniuma." Jumanne vivyo hivyo. Baba anasema mtoto anadeka. Bibi anasema apewe chai ya tangawizi. Jirani anasema dawa yake ni bakora. Je, mama afanye nini?

La kwanza, mama mwenzangu, usidharau maumivu hayo. Anza na mwili. Je, mtoto ana homa? Anatapika? Anaharisha, au choo kina damu? Mkojo wake una damu? Maumivu humwamsha usiku, au yamehamia upande wa kulia chini ya kitovu? Amekonda? Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usikae naye nyumbani. Mpeleke kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu. Muulize mhudumu pia kuhusu dawa ya minyoo ikiwa mtoto hajapewa kwa muda mrefu. Na uangalie, je, huenda shule bila kula? Kipande cha mkate wa mofa au bakuli la uji ni bora kuliko tumbo tupu hadi adhuhuri.

La pili, ikiwa daktari hakuona ugonjwa, bado usiseme mtoto ni mwongo. Hofu hukaza tumbo. Hata sisi watu wazima, tukiwa na jambo zito asubuhi, chakula hakipiti. Mtoto wa miaka tisa hana maneno ya kusema "naogopa", kwa hiyo tumbo humsemea. Chukua daftari na kalamu, na kwa wiki mbili uandike siku ambazo mtoto analalamika. Ukiona ni siku za shule tu, na likizo tumbo hupona lenyewe, basi jua kuna jambo huko shuleni, au njiani.

Sasa, utaulizaje? Ukimsimamisha mbele yako na kumwambia, "Sema, umefanya nini shuleni?", atafunga mdomo. Mama wa mfano wetu aliuliza hivyo mara mbili asipate kitu. Siku ya tatu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto yuko kando yake anaokota machicha. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Ni saa ngapi ya shule usiyoipenda?" Mtoto akajibu bila kuinua kichwa: "Saa ya kwenda chooni."

Mambo yakatoka. Choo cha wavulana hakikuwa na komeo. Wakubwa walikuwa wakiusukuma mlango na kumcheka aliye ndani. Mtoto akaamua kutokwenda kabisa. Ili asibanwe, hanywi maji asubuhi wala hamalizi chai. Huzuia haja kutoka asubuhi hadi anaporudi nyumbani. Mtoto anayezuia haja kila siku hufunga choo, na tumbo lililofunga choo huuma kwelikweli. Kumbe baba, bibi na jirani wote walikosea. Maumivu yalikuwa ya kweli, na hofu ilikuwa ya kweli.

Kila mtoto ana lake. Mwingine ananyang'anywa pesa za chakula. Mwingine anapewa jina la kejeli. Mwingine haoni ubao au hasikii vizuri, na anaitwa mjinga. Mwingine nyumbani husema Kiamu au Kibajuni, na darasani Kiingereza kinampita juu ya kichwa. Msichana aliyevunja ungo hana pedi, anaogopa kuchafua sare. Tangu mwaka 2017 sheria ya elimu inaitaka serikali iwape pedi wasichana waliovunja ungo walio katika shule za umma, kwa hiyo si vibaya kumuuliza mwalimu mkuu kama zimefika. Na mwingine anavuka maji kwa mashua kila siku bila jaketi la kuokolea, moyo uko juu tangu anapoondoka nyumbani.

Wako pia wanaoogopa kiboko. Hapa nchini adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kwa maneno. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Na sisi wazazi tusimwambie mwalimu, "Nyama yako, mifupa yangu." Nyama pia ni yako, mama. Chuoni nako, ambako watoto wetu husoma Qur'ani, muulize mtoto maswali yale yale. Heshima ya mwalimu haipungui kwa mzazi kuuliza.

Ukishajua jambo, nenda shuleni. Usiende kupiga kelele mbele ya watoto, kwani mwanao ndiye atakayechekwa kesho. Muone mwalimu wa darasa faraghani, ukiwa na daftari lako la tarehe. Asipokusikiliza, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa bodi ya usimamizi wa shule, kisha ofisi ya elimu. Mama wa mfano wetu alifika kwa mwalimu wa darasa tu. Wakakubaliana watoto wadogo waende chooni wawili wawili, mmoja alinde mlango. Na wazazi wakamleta fundi akatia komeo. Amu ni mji wa mafundi wa milango, na watoto wetu walikuwa wanakosa komeo la choo!

Sasa nina neno zito, na naomba mnisikilize. Ikiwa mtoto, wa kike au wa kiume, atakwambia kuwa ameguswa sehemu zake za siri au ameingiliwa, na mwalimu, mwanafunzi, nahodha, jamaa au yeyote yule, mwamini. Mwambie, "Umefanya vyema kuniambia, si kosa lako." Kama ameingiliwa, usimwogeshe. Usifue nguo zake, zifunge kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki. Mpeleke hospitali mara moja: Amu mjini, Faza au Mpeketoni. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 tu, na zikianza mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Anayekaa mbali, akingoja maji yajae, kisha angoje mashua, kisha angoje wazee wakae kikao, saa hizo zimekwisha. Tibu kwanza, kisha polisi na fomu ya P3.

Na kikao hicho chenyewe, kinachoitwa maslaha, hakimtibu mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haiwapi wazee ruhusa ya kulimaliza jambo hili kwa pesa wala kwa ndoa. Twaogopa aibu, lakini aibu ni ya aliyetenda. Ukikosa pa kwenda, piga simu 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Haina malipo, na hujibiwa usiku na mchana.

Basi, leo jioni, ukiwa unakuna nazi au unamsuka binti yako, uliza swali moja tu: "Ni saa ngapi ya shule usiyoipenda?" Kisha nyamaza, usikilize.