Dawa Ikikuletea Jambo, Usinyamaze

(Hotuba kwa wahudumu wa afya wa vijijini na vikundi vya akina mama)

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, ile ya kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa hivyo sikuja kuwafundisha kutibu. Nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili ninyi msilirudie.

Mwaka 2012 nilikuwa nikimtembelea kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Siku ya tatu akaniambia, "Dada, nakojoa damu. Hizi dawa zinaniua." Nami nikashtuka. Badala ya kumpeleka zahanati nikamjibu, "Basi pumzika kidogo, mwili upate nguvu." Neno hilo moja tu! Tangu hapo akawa anameza siku mbili, anaacha wiki; akizidiwa na kikohozi anameza tena.

Mwishowe alilazwa hospitalini akiwa mifupa mitupu, na viini vya ugonjwa vimekwisha kuwa sugu. Alitibiwa karibu miaka miwili, na miezi minane ya kwanza akidungwa sindano. Alipona, lakini sindano zile ziliharibu masikio yake. Mpaka leo ukiongea naye sharti upaze sauti. Siku hizi ugonjwa huo sugu hutibiwa kwa vidonge bila sindano zile, lakini masikio yake hayarudi.

Na ile "damu" haikuwa damu hata kidogo. Katika dawa za kifua kikuu kuna moja iitwayo rifampisini. Hiyo hugeuza haja ndogo, jasho na hata machozi kuwa ya rangi ya machungwa au nyekundu. Haidhuru mtu. Kumbe angeambiwa siku ya kwanza, angecheka tu na kuendelea.

Kila dawa yaweza kuleta madhara yake. Jambo kubwa ni kujua yapi ya kuvumilia na yapi ya kukimbilia.

Kichefuchefu kidogo, maumivu ya viungo, au miguu kuwasha na kufa ganzi: usiache dawa, lakini mwambie muuguzi. Kwa ganzi hiyo kuna kidonge cha vitamini B6 ambacho husaidia.

Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo, haja ndogo ikiwa nyeusi kama chai ya rangi, hiyo ni dalili ya ini kuumia. Vilevile ngozi ikitoka upele mwingi na vidonda mdomoni, au macho yakianza kuona ukungu na kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Hapo usimeze kidonge kingine kabla hujaonwa. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki ni mwezi ujao.

Sasa niwape mambo manne ya kushika.

Kwanza, uliza kabla hujatoka dirishani: Dawa hii ni ya nini? Naimeza mara ngapi, kabla ya chakula au baadaye? Italeta mabadiliko gani mwilini? Usiogope foleni iliyo nyuma yako. Swali si utovu wa adabu.

Pili, sema kila kitu unachotumia: dawa za virusi vya ukimwi, za sukari, za presha, na hata mitishamba ya nyanya. Rifampisini hupunguza nguvu ya dawa nyingine nyingi, pamoja na vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Mama, sikuja hapa kukuhukumu, mwambie muuguzi. Na pombe iache, iwe busaa, chang'aa au ya chupa. Ini lina kazi ya kutosha.

Tatu, maliza dozi. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na hapo ndipo shetani wa "si nimepona?" huingia. Viini bado viko. Na dawa zenyewe katika vituo vya serikali ni za bure.

Nne, usimgawie jirani. Kipimo cha dawa hizi hufuata uzito wa mtu. Ndiyo sababu unapandishwa kwenye mizani. Kinachokufaa wewe chaweza kumuumiza yeye.

Nanyi wahudumu, mgonjwa akiwaambia dawa inamsumbua, msiseme "vumilia" wala msiseme "acha", kama nilivyosema mimi. Semeni, "Twende pamoja tukaulize." Zahanati ikipata habari, yaweza kuiarifu Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa nchini.

Yule fundi bado ananiita dada. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonichoma.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Je, kuna dawa uliyoiacha bila kumwambia mtu? Kwa nini?
2. Nani hapa kijijini anameza dawa peke yake bila wa kumuuliza?
3. Tutamsaidiaje kufika kliniki wiki hii?