Kasumba ya Kuogopa Hesabu



Iko kasumba moja ambayo vyuo vikuu vimeshindwa kuwaondolea vijana, nayo ni ile ya kusema kwa majivuno, "Mimi na hesabu tuliachana tangu sekondari." Hakuna msomi anayethubutu kutamba hadharani kwamba hajui kusoma. Lakini kutojua hesabu kumekuwa jambo la kuchekea, hata mbele ya wanafunzi.

Kijana wa namna hiyo huchagua historia, sheria au utawala akitumaini kuwa amezikimbia tarakimu. Tarakimu humfuata. Akikutana na somo la takwimu, hukariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani, hufaulu, kisha husahau. Ufikapo wakati wa kuandika tasnifu, humtafuta mwenzake amfanyie uchambuzi, naye hubandika majedwali asiyoweza kuyatetea. Baada ya muda yuko ofisini anatia saini taarifa za wilaya. Ana shahada, lakini mbele ya jedwali ni ngumbaru. Tena ngumbaru wa miaka ya 1970 alikuwa afadhali, maana alikwenda darasani jioni na daftari lake mkononi.

Hasara yake si ndogo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania. Ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 61,741,120. Ongezeko ni kama asilimia 37 kwa miaka kumi. Afisa aliyezoea kuzikwepa tarakimu atagawanya kwa kumi na kupata asilimia 3.7 kwa mwaka. Taarifa rasmi ilisema 3.2. Basi ama atanyamaza, ama atadai kuwa waliohesabu wamekosea. Kumbe walioongezeka mwaka huu nao huingia katika idadi itakayoongezeka mwakani, kama riba juu ya riba. Kwa asilimia 3.2, watu huwa maradufu baada ya miaka 22 hivi, kwa 3.7, baada ya miaka 19. Miaka mitatu hiyo ni madarasa, madawati na visima. Ni fedha za wakulima.

Hata hivyo, kujua kukokotoa peke yake hakutoshi. Wako mabingwa wa kanuni wasiowahi kuuliza tarakimu zilikusanywa na nani, kwa watu wangapi, na asilimia iliyotajwa ni asilimia ya nini. Maswali hayo hayahitaji ubingwa. Yanahitaji ujasiri, na ujasiri huo ndio ambao mwoga wa hesabu hana.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012, uliozikusanya pamoja tafiti 17, ulikuta kwamba wanafunzi wenye mtazamo mzuri juu ya takwimu hufanya vizuri zaidi katika somo hilo. Lakini hapa msikilizaji awe macho. Je, chuki huleta kushindwa, au kushindwa huleta chuki? Uhusiano pekee haujibu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watahiniwa watano. Aliyechapwa na kuchekwa ubaoni tangu darasa la nne atalipendaje somo hilo akifika Chuo Kikuu?

Mhadhiri anayefungua somo la takwimu kwa kujaza ubao kanuni huwapoteza wengi kabla ya kipindi kwisha. Na aanze na daftari la mahudhurio la shule ya kijijini. Wanafunzi 80 wameandikishwa, wastani wa wanaohudhuria kwa siku ni 60. Je, ni wale wale 60 kila siku, na 20 wamekwisha kuacha shule? Au kila mtoto hukosa siku moja katika kila siku nne? Wastani ni ule ule, lakini hatua za kuchukua ni mbali mbali kabisa, na hakuna mwanafunzi wa historia asiyeweza kulijadili swali hilo.