Kuchagua Darubini ya Bunduki kwa Fedha Kidogo

Leo twataka kusema habari za darubini ya bunduki, ile ifungwayo juu ya bunduki ya risasi ili mlengaji aione shabaha ya mbali kana kwamba i karibu.

Huku Kibamba, kando ya barabara ya Morogoro, hapana mahali pa kupigia bunduki, maana nyumba zimesogeleana, nayo risasi huweza kupita kilomita moja na zaidi kabla ya kuanguka. Lakini wako wenyeji wenye mashamba mbali, pande za Bagamoyo na Rufiji, ambako nguruwe mwitu huharibu mihogo. Mtu wa namna hiyo, akiisha kupata leseni kama itakavyo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha kuua mnyama kama itakavyo sheria ya wanyamapori ya 2009, huona fedha zake karibu zote zimemezwa na bunduki. Kilichobaki akitumieje?

Wengi hudanganywa na tarakimu. Darubini huandikwa, mathalani, 3-9x40. Maana yake ni kwamba hukuza mara 3 mpaka mara 9, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 40. Muuzaji akitoa nyingine iliyoandikwa 6-24x50 kwa bei ile ile, mnunuzi hufurahi. Asifurahi upesi. Fedha iliyotumika kuongeza ukuzaji imepunguzwa katika usafi wa vioo na uimara wa vyombo vya ndani.

Na nuru je? Enyi wanafunzi, shikeni kalamu. Gawanyeni 40 kwa 4, mtapata 10: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwali utokao nyuma ya darubini ikikuza mara 4. Mboni ya kijana gizani hufika yapata milimita 7, basi nuru yamtosha na kubaki. Sasa gawanyeni 50 kwa 24. Hupatikana 2 na kidogo tu! Wakati wa magharibi picha huwa kubwa, lakini nyeusi, na kila tetemeko la mkono huonekana mara 24. Kwa shabaha ya mita 100 twapendelea darubini ya ukuzaji mmoja tu, mara 4 au mara 6. Vipande vyake ni vichache, kwa hiyo kwa bei ile ile mara nyingi huwa imara zaidi.

Tazama pia umbali wa jicho. Ikiwa picha haionekani kamili mpaka jicho likaribie kioo chini ya sentimita 8, iache. Bunduki ikirudi nyuma itakupasua nyusi. Na zile pete za kuifungia zisiwe za bei ya chini kabisa. Zikilegea, risasi hutawanyika, na mwenyewe huilaumu darubini bure.

Jambo moja hatulikubali hata kidogo: kuinua bunduki ili kutazama kitu kinachotikisika kichakani. Huenda ni mtoto anayeokota kuni, na mdomo wa bunduki umekwisha kumwelekea. Kwa kutazama, nunua darubini ya mkono, hata kuukuu.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu bila risasi. Ifunge imara mezani, ielekee karatasi yenye mistari iliyo mita 100 mbele. Zungusha kigurudumu cha upande. Kila kinapolia “tik”, kwa darubini nyingi za robo dakika, msalaba husogea kama milimita 7. Piga 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini. Kila upande msalaba usogee sentimita 14 na nusu hivi, kisha urudi palepale ulipoanza. Usiporudi, mrudishie muuzaji darubini yake, ajapokupunguzia bei nusu.