Maneno ya Kamati ya Kurekodi, Siku ya Jubilei



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya kurekodi, nasi tutaanza na kosa letu. Tulipowatembelea ndugu zetu Bungoma tulibeba kompyuta, maiki mbili na miksa. Mama yetu mwimbishaji, ambaye leo hatuko naye, aliimbisha siku hiyo kuliko siku zote. Asubuhi, wakati wa mazoezi, tulipima sauti tukaridhika. Ibadani ngoma zikaingia, kanisa zima likasimama, taa nyekundu ikawaka na kubaki imewaka. Sisi tulikuwa tunacheza. Tuliporudi na kusikiliza, kila mahali alipopandisha, sauti yake ilikwaruza kama spika iliyopasuka. Tukajaribu kuipunguza kwenye kompyuta. Mkwaruzo ukawa ule ule, ila wa chini. Na hiyo ndiyo rekodi pekee tuliyo nayo ya wimbo ule.

Kompyuta huandika sauti kwa namba, na namba hizo zina kikomo kinachoitwa sifuri desibeli. Ni kama gorogoro ya mahindi: ikishajaa, yanayozidi yanamwagika. Kilele cha sauti kinakatwa bapa, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Kaseti za zamani zilikuwa na huruma. Mshale ukipita kidogo, sauti ilinenepa tu.

Siku hizi hatupimi kwa wimbo wa taratibu. Tunaomba kwaya iimbe kiitikio kikali kuliko vyote, pamoja na ngoma na kayamba, na kilele chake tunakiweka kwenye hasi 12. Watu wakichangamka ibadani sauti hupanda, hivyo nafasi hiyo ni yao. Msiogope kwamba rekodi itakuwa ndogo. Ukirekodi kwa biti 24, unaweza kuipandisha baadaye bila kuleta uvumi wa kusumbua.

Jambo lililotuchelewesha sana kuelewa ni kwamba sauti inaweza kuharibika kabla ya kufika kwenye kompyuta. Tulikuwa tumechomeka waya wa miksa kwenye tundu la maiki la kompyuta. Tundu lile limetengenezwa kwa umeme mdogo wa maiki. Wa miksa ni mkubwa mno kwake. Sasa tunatumia kisanduku cha USB chenye tundu la kupokea miksa, na tunapunguza kwanza kwenye kitufe cha maiki pale kwenye miksa. Pia tunazima ule mpango wa kompyuta kujirekebishia sauti yenyewe, maana ukimya wa sala huifanya ipandishe, halafu ngoma ya kwanza inaipasua.

Maiki zinasimama mbele ya kwaya, hatua tatu hivi. Vijana wa ngoma, tunawapenda, lakini leo mtakaa nyuma.

Kabla ya ibada tutawaomba wageni wa Bungoma waimbe pambio moja kwa nguvu zao zote, si kwa sauti ya kujaribu. Mmoja wetu atakaa na kompyuta mwanzo hadi mwisho, hedifoni masikioni, na hatacheza. Tumekwisha kumchagua, naye amekubali kwa shingo upande.