Mashine Zipo, Fundi Hayupo

Msikilizaji amekwisha kuisikia habari yenyewe: tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na wenye kompyuta wanahimizwa wahamie Windows 11. Stesheni hii haigombani na tarehe. Wasiwasi wake uko huku Kwale, Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, kwenye mashine ambazo Windows 11 haizitaki kabisa.

Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, tena prosesa za Intel inazozikubali, kwa kawaida, ni za kuanzia mwaka 2017. Kompyuta ya mtumba ya maabara ya shule itazitoa wapi? Kwa hivyo mwalimu anatafuta diski ya mfumo mwingine, Linux, na hapo ndipo balaa huanza. Diski inatiwa, taa inamulika, diski inazunguka ikinguruma, kisha mashine inarudi palepale kwenye mfumo wake wa zamani. Inapigwa muhuri: imekufa. Inasukumwa pembeni.

Haijakufa! Aghalabu imeagizwa kusoma diski yake ya ndani kwanza, na kubonyeza F12 au F2 wakati inawaka, kutegemea aliyeiunda, kungetosha kubadilisha mpangilio huo. Au ile betri ndogo ya CR2032, duara kama sarafu, imeisha. Saa imerudi nyuma miaka, na mashine imesahau mpangilio iliopewa. Au aliyechoma diski aliliweka lile faili la Linux kama anavyoweka wimbo, na diski ya namna hiyo haiwezi kuwasha kompyuta. Au kisomeo ni cha sidii za megabaiti 700, naye kakitia dividii. Au mashine ni ya biti 32 na diski ni ya biti 64. Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kuisimika kwenye mashine za biti 32. Debian 12 ingali nayo.

Haya ni mambo ya fundi, na fundi hayupo.

Kompyuta huletwa kwa shangwe, zikapigwa picha, zikakatiwa utepe. Fundi haletwi. Upepo wa chumvi wa Diani unakula vyuma, na fundi hayupo. Tangu 2023 serikali imezipeleka huduma zaidi ya 5,000 kwenye mtandao wake wa eCitizen, raia asiye na kompyuta anakimbilia saiba, kompyuta ya saiba imegoma, na fundi hayupo. Si kwamba kazi yenyewe ni ngeni nchini: Computers for Schools Kenya inakarabati kompyuta zilizotumika, kwa ajili ya shule, tangu 2002.

Walimu wakuu, msiziuze kwa kilo kabla hazijaguswa na mtu anayezijua! Wafadhili, mkileta mashine leteni na diski inayoifaa, na mshahara wa mtu wa kuitunza. Vyuo vya ufundi, wapeni vijana hizo mashine wazifungue wajifunzie. Na serikali ya Kaunti ya Kwale iajiri fundi mmoja kwa kila eneobunge: Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango. Ni watu wanne tu. Waingizwe kwenye bajeti ijayo, kwa jina la kazi yao na kwa mshahara wao.