Mlango wa Gereji Ulioachwa Wazi

(Maneno ya mwanachama wetu, muuguzi, kwa vijana katika sherehe ya Uhuru, tarehe 9 Desemba)

 

Nimeombwa nizungumze na vijana kuhusu kazi. Najua mlitarajia uuguzi. Mniwie radhi, leo nimewaletea mcheza baleti, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole.

Binti yangu anajifunza baleti. Kwa muda mrefu nilimwambia, "Hiyo si kazi, soma." Mwaka jana akaniuliza, "Mama, darasani mweusi ni mimi peke yangu. Hivi hii dansi ni yetu kweli?" Nilikosa jibu. Nikatafuta, nikamkuta Arthur Mitchell.

Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1934. Baba yake alipofungwa, Arthur alikuwa na miaka 12 tu. Akafanya vibarua, hata kupiga viatu rangi, ili nyumbani wale. Mwaka 1955 alijiunga na New York City Ballet, na ndiye mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu pale. Mwaka 1957 George Balanchine alimtungia dansi ya wawili katika *Agon*, pamoja na Diana Adams, mwanamke mzungu. Ukumbini watu walishangilia, lakini televisheni za biashara za Marekani hazikuionyesha mpaka 1968.

Mwaka huohuo Martin Luther King aliuawa. Mitchell angeweza kuendelea kupigiwa makofi. Yeye akarudi Harlem kufundisha. Mwaka 1969, pamoja na Karel Shook aliyekuwa mwalimu wake, alianzisha Dance Theatre of Harlem. Darasa lilikuwa gereji. Kwa sababu ya joto milango iliachwa wazi, watoto wa mtaani wakachungulia, kisha wakaingia. Walianza 30, baada ya miezi michache walikuwa 400. Baadaye soksi na viatu, ambavyo kwa desturi ni vya rangi ya waridi, vilitiwa rangi ifanane na ngozi ya kila mchezaji.

Hapo nilikumbuka chuo. Tulifundishwa kwamba mgonjwa akipungukiwa oksijeni, ngozi na midomo huwa ya bluu. Picha zote zilikuwa za wazungu. Nilitaka kuuliza, "Na mgonjwa mwenye ngozi kama ya mama yangu, nitaangalia wapi?" Nikaogopa lafudhi yangu itachekwa, nikanyamaza. Nilikuja kujifunza wodini: angalia ufizi, ndani ya midomo, ndani ya kope; rangi yaweza kuwa ya kijivu. Leo nikipewa wanafunzi, naanza na hilo kabla hawajauliza.

Mitchell alifariki mwaka 2018, na shule yake ipo hadi leo.

Vijana wangu, ukijikuta peke yako darasani, usitoke kwa sababu hiyo. Uliza swali lako, hata kwa lafudhi. Na ukishakaa vizuri, usifunge mlango nyuma yako. Uhuru ni pamoja na hilo.

Wazazi wenzangu, nami nimejirudi. Binti yangu nimempa jibu: dansi ni ya anayeifanyia kazi. Siku hizi Jumamosi nikitoka zamu ya usiku, nampeleka mwenyewe.

Heri ya Uhuru!