Tangi Tupu Si Tangi Salama



Tangi la gari kuukuu likianza kuvuja, wengi humwaga petroli na kulipeleka likachomelewe. Hapo ndipo penye hatari: kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani. Tangi lililotobolewa na kutu libadilishwe.

Kabla ya kulishusha, fungueni waya wa betri. Fanyeni kazi nje, mbali na jiko, sigara na shimo la gereji, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Paipu zilizoliwa na kutu na mipira iliyopasuka zibadilishwe pia. Mpira uwe wa petroli, si wa maji. Kagueni kila kiungio kabla gari halijabeba abiria.

Tangi lina bei, fundi hana.